Kabla ya Kununua Kopo

Kwenye maduka ya dawa, iwe Kariakoo au Likoni, mama mwenye mtoto anayeachishwa ziwa huuliza swali moja: "Maziwa gani mazuri?" Muuzaji hugeukia rafu na kutaja jina. Ni mara chache atauliza mtoto ana miezi mingapi, kwa nini anaachishwa sasa, na maji ya nyumbani yanatoka wapi. Jibu limo katika maswali hayo matatu. Maziwa ya watoto wachanga yanayouzwa kihalali, ya bei ya juu na ya bei ya chini, hutakiwa kufuata kiwango kimoja cha kimataifa, kile cha Codex, kuhusu protini, mafuta, madini na vitamini. Chapa na chapa zinatofautiana kidogo sana. Mtoto wa miezi 4 na wa miezi 14 wanatofautiana kupita kiasi, na wazazi wengi hupoteza fedha, wengine hata afya ya mtoto, kwa kutolitazama hilo.

Tuanze na umri. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Waislamu wanaijua miaka hiyo miwili kutoka Sura ya Al-Baqara, ambayo pia inawaruhusu wazazi kumwachisha mtoto kabla ya hapo kwa kuridhiana na kushauriana. Sharti hilo la kushauriana husahauliwa sana. Katika nyumba nyingi uamuzi huwa wa mama peke yake, au wa mama mkwe, na baba huja kugutuka siku anapotumwa kununua kopo.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 na hanyonyi hana mbadala salama isipokuwa maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Uji mwepesi, maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji na sukari, maziwa ya soya ya dukani, chai ya maziwa, pamoja na yale maziwa mazito matamu ya kopo ambayo watu huweka kwenye chai, yote hayamfai. Kati ya miezi 6 na 12 pana mjadala, nitaurejea. Akishavuka mwaka mmoja, kopo si lazima tena, hata kama rafu imejaa makopo yenye picha ya mtoto anayetembea.

Lakini kabla ya kuuliza ampe nini, mama anastahili kuulizwa kwa nini anaacha. Wapo wanaoacha kwa sababu za kitabibu zisizo na mjadala, kama dawa za saratani. Wapo walioamua tu kwamba inatosha, na hao hawahitaji kuhutubiwa na mtu. Wapo watoto waliofiwa na mama. Ila kundi kubwa, kwa ninavyoona, linasukumwa na sababu ambazo zingeweza kutatuliwa bila kopo.

Mojawapo ni hofu ya kubemenda. Sehemu nyingi za Tanzania huaminika kwamba mtoto anayenyonya hudhoofu, huharisha na kuchelewa kutembea endapo wazazi watakutana kimwili kabla ya wakati, au mmoja wao atatoka nje ya ndoa, au mama atashika mimba nyingine. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana imani ya jirani na hiyo, huiita chirwa. Si busara kuicheka. Walioijenga waliona kitu cha kweli: mtoto ambaye mama yake ameshika mimba mapema mara nyingi hudhoofu kweli. Daktari Cicely Williams aliliona jambo hilohilo Gold Coast, Ghana ya leo, akaliandika mwaka 1933. Watoto waliotolewa ziwani kumpisha mdogo wao, kisha wakalishwa mahindi matupu, walivimba miguu, wakababuka ngozi na kufa. Huo ndio unyafuzi, au kwashakoo kama wengi tunavyouita.

Kilichokosewa ni kisababishi. Mbegu za mwanamume haziingii kwenye maziwa, na mimba haiyageuzi maziwa kuwa sumu. Mimba inapokua maziwa hupungua na ladha yake hubadilika, lakini mjamzito mwenye afya nzuri anaweza kuendelea kunyonyesha. Kinachomdhoofisha mtoto ni kukatishwa ghafla na kuachiwa uji usio na kitu ndani. Kwa hiyo dawa inayotolewa dhidi ya kubemenda, yaani kumwachisha siku hiyohiyo, ndiyo inayozaa dalili za kubemenda. Tukubali hata hivyo kwamba mila hiyo ilifanya kazi moja kubwa: ilitenganisha uzazi. WHO leo hushauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Wazee walilifikia lengo hilo kwa njia ya kutisha watu. Siku hizi kliniki ina vipandikizi, sindano na vidonge, hivyo tishio hilo linaweza kustaafu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 bila kumpa kitu kingine chochote, usiku na mchana, na ambaye hajaanza kuona hedhi, ana kinga ya mimba inayozidi asilimia 98. Chupa ya kwanza ya maziwa ya kopo inapoingia, hesabu hiyo inavunjika. Anayeanza kopo aanze na mazungumzo ya uzazi wa mpango wiki hiyohiyo, asisubiri.

Sababu nyingine ni kauli ya "maziwa hayatoshi". Baada ya wiki chache za mwanzo matiti hulainika, mtoto hulia sana jioni, na kuna siku anataka kunyonya kila baada ya nusu saa. Mama husoma dalili hizo kama ukame, kumbe mara nyingi ndivyo mtoto anavyoagiza maziwa zaidi kwa siku zijazo. Dalili za kuaminika ni mbili: anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda. Titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukimpa mtoto chupa ya kopo saa mbili usiku, titi hupata ujumbe kwamba oda imepungua, na baada ya wiki mbili maziwa yatakuwa hayatoshi kweli. Shaka inajitimiza yenyewe, na hapo jirani atasema, "Si nilikwambia?"

Kisha kuna kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Miezi 6 ni wiki 26. Serikali hiyohiyo inayomwambia kliniki anyonyeshe wiki 26 inamtaka arudi kazini zikiwa zimebaki wiki 14. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ni miezi 3, hesabu inakaribiana. Sheria ya Tanzania inampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, lakini saa hizo zinamfaa nani, mtoto akiwa Mbagala na ofisi ikiwa Masaki? Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Na haya yote ni ya wenye mikataba. Mama lishe na mama anayeuza mitumba hawana likizo ya kuhesabiwa. Inashangaza basi kwamba tafiti za kitaifa za 2022 zilikuta takriban asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee, na Kenya asilimia 60. Wanawake wamewazidi watunga sheria.

Kwa mama wa kazini, kukamua ni njia ya kati kabla ya kopo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 hivi kwenye chumba chenye joto la wastani, siku 4 kwenye jokofu. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa pili ni afadhali kutumia kibaridi chenye barafu kuliko kujaribu bahati. Hata anayekamua mara moja tu kazini amepunguza idadi ya chupa za kopo, na kila chupa iliyopungua ni fedha na ni kinga.

Mama mwenye VVU anastahili neno lake, kwa sababu ndiye aliyeyumbishwa kuliko wote. Miaka ya mwanzo ya 2000 alishauriwa achague kopo kama anaweza kulimudu. Tangu 2010 mwongozo wa WHO umejengwa juu ya dawa za kufubaza virusi, na ule wa 2016 unasema mama anayetumia dawa zake vizuri anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi 24 au zaidi, kama mama mwingine yeyote. Bado wapo wanaokatazwa na majirani, hata na wahudumu waliosoma zamani. Kilichobadili mawazo ya wengi ni Botswana. Serikali yake, kwa nia njema na mfuko mzuri, iliwagawia mama wenye VVU maziwa ya kopo bure. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, kuhara kukasambaa. Watoto wengi walikufa, na wengi wa waliokufa walikuwa wale wa kopo. Botswana haikuwa nchi maskini, wala maziwa hayakuwa na kasoro. Kilichokosekana ni maji safi.

Ndiyo maana swali la maji linakuja mbele ya swali la chapa. Unga wa maziwa ya kopo haukufishwa vijidudu vyote kiwandani. Unaweza kubeba salmonela, au bakteria aitwaye Cronobacter, ambaye ni nadra lakini humletea mtoto mchanga homa ya uti wa mgongo. Maji yenye joto la nyuzi 70 au zaidi huwaua. Kwa vitendo, chemsha maji, yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, pima maji kwanza kwenye chupa, weka unga, tikisa, kisha ipooze chupa nzima ndani ya bakuli la maji baridi na ujaribishe matone kwenye kifundo cha mkono. Nyumba nyingi hutumia chupa ya chai iliyojazwa alfajiri, na mchana maji yale ni vuguvugu tu, hayaui kitu. Baadhi ya makopo yenyewe huelekeza maji ya vuguvugu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, aliyezaliwa njiti au mwenye afya dhaifu, mimi ningeshika mwongozo wa WHO. Yaliyobaki baada ya saa 2 yamwagwe. Najua inauma, hasa mwisho wa mwezi.

Yapo maji ambayo kuchemsha hakuyaponyi. Visima vingi vya pwani, Dar es Salaam ikiwemo, vina chumvi, na chumvi haitoki kwa moto, bali huzidi kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Kaskazini mwa Tanzania, kuzunguka Meru na Kilimanjaro, tatizo ni floraidi, ile inayoyatia meno rangi ya kahawia. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji hayo. Mtoto wa kopo huipata yote. Katika maeneo hayo gharama ya maji ya kununua ihesabiwe pamoja na gharama ya kopo.

Na hesabu ya kopo haifanywi vya kutosha. Mtoto wa kilo 6 asiyenyonya kabisa anahitaji kama mililita 900 kwa siku. Kila mililita 100 hula takriban gramu 13 za unga. Hiyo ni karibu gramu 120 kwa siku. Kopo la gramu 400 linakwisha kwa siku tatu na kitu, yaani makopo 9 kwa mwezi. Mzazi achukue bei ya dukani kwake, azidishe mara 9, aongeze mkaa au gesi ya kuchemshia, ndipo aamue. Familia nyingi hununua kopo la kwanza bila kuzidisha, na ifikapo la nne unga unaanza kupimwa kwa macho. Kopo la siku tatu na kitu likivutwa hadi siku 5, mtoto anapata theluthi mbili ya lishe yake na tumbo lililojaa maji. Hakui, na maji yakizidi sana chumvi ya mwilini hushuka hadi akapata degedege. Wapo pia wanaozidisha unga ili mtoto ashibe na alale. Huyo atapata choo kigumu, kiu, na mzigo kwenye figo ambazo bado ni changa. Kijiko cha kupimia ni kile kilichomo ndani ya kopo lenyewe, kikiwa sawasawa bila kilima, kwa sababu kopo moja hutaka kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji na jingine huweza kutaka vinginevyo.

Tuje sasa kwenye kuhama kwenyewe. Njia iliyozoeleka ni ya siku moja: mama hujipaka shubiri au pilipili kwenye chuchu, au mtoto hupelekwa kwa bibi kwa wiki nzima. Pilipili huchoma mdomo na macho ya mtoto ambaye hajafanya kosa lolote. Utomvu wa shubiri humwendesha tumbo. Kuhusu safari ya kwa bibi, bibi hana ubaya, ila mtoto amepoteza ziwa na mama katika siku moja, na usiku wa kwanza hana hata harufu ya kumtuliza. Mama naye hubaki na matiti yaliyojaa kama mawe, ajifunge kifua kwa kanga, aishie na homa na titi lililovimba na kuwa jekundu. Hali hiyo ni ya hospitali, na titi liendelee kutolewa maziwa hata wakati wa matibabu.

Njia ya taratibu haina ushujaa wa kusimulia, lakini haiumizi. Unaondoa mnyonyo mmoja, unakaa siku 3 hadi 7, ndipo unaondoa mwingine. Anza na wa mchana, kwa kuwa mtoto ana mambo mengi ya kumshughulisha. Wa alfajiri na wa kulalia ndio wa mwisho, maana huo wa usiku ni wa kubembelezwa kuliko wa kushiba. Titi likijaa, kamua kidogo tu hadi upate nafuu, usilimalize, la sivyo unaagiza maziwa mapya. Kwa mwendo huo mtoto aliyekuwa ananyonya mara 5 kwa siku atahama kwa muda wa wiki mbili hadi tano. Mwenye tarehe ya kurudi kazini ahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.

Watoto wengi hukataa chupa, na wengi hukataa kwa sababu anayewapa ni mama yao. Anaisikia harufu ya titi, kwa nini akubali plastiki? Ampe baba, bibi, au dada wa kazi atakayebaki naye mchana, na mama atoke nje kabisa. Ajaribiwe akiwa na njaa ya wastani, kabla hajaanza kulia. Ladha pia ni ngeni: maziwa ya mama ni matamu kuliko ya kopo, tena hubadilika ladha kwa kile mama alichokula. Unaweza kuchanganya, robo ya kopo na robo tatu ya maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kisha nusu kwa nusu, na kuendelea hivyo kwa siku kadhaa. Sharti ni kutengeneza kwanza maziwa ya kopo kwa maji kama yalivyoelekezwa, ndipo uchanganye. Unga usikorogwe ndani ya maziwa ya mama badala ya maji.

Chupa si lazima. Kikombe kidogo kisicho na kifuniko, hata kwa mtoto mchanga, huoshwa kirahisi kuliko chupa yenye chuchu na mikunjo inayoficha ukoko wa maziwa. Mtoto wa miezi 6 na kuendelea anaweza kuhama kutoka ziwa moja kwa moja hadi kikombe, akakwepa kabisa vita nyingine ya kumwachisha chupa. Nyumba isiyo na maji ya bomba ya uhakika, mimi ningeishauri kikombe bila kusita.

Choo kitabadilika. Kitakuwa kizito, chenye harufu kali, pengine cha kahawia chenye ukijani, na hiyo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni damu kwenye choo, kutapika kila mara anapokunywa, vipele vya mwili mzima au kukoroma kifuani, kwani hapo huenda protini ya maziwa ya ng'ombe inamkataa, na karibu makopo yote ya kawaida yametokana na ng'ombe. Huyo anahitaji daktari. Kumbadilishia chapa tatu mfululizo hakutamsaidia. Mtoto anayeumwa, aliyehama nyumba au aliyepata dada mpya wa kazi wiki hiyo asiongezewe na kuachishwa ziwa.

Sasa ule mjadala wa miezi 6 hadi 12. Madaktari wengi wa watoto Uingereza na Marekani hukataza maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu kabla ya mwaka mmoja, na wana hoja: yana madini ya chuma kidogo sana, yana protini na chumvi nyingi, na huweza kumfanya mtoto avuje damu kidogo kidogo utumboni bila kuonekana. WHO, katika mwongozo wake wa 2023, inakubali kopo au maziwa ya mnyama kwa umri huo. Wengine wameuona mwongozo huo kuwa legelege. Mimi nauona kuwa wa kweli kwa nchi zetu, kwa masharti. Anayemudu kopo bila kulizimua ampe kopo. Asiyemudu, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, yasiyotolewa mafuta wala kuongezwa maji, ni bora mara kumi kuliko kopo lililozimuliwa. Yawe mililita 200 hadi 400 kwa siku kama mtoto anapata nyama, samaki au mayai, na 300 hadi 500 kama hapati. Pengo la chuma lizibwe na chakula: maini yaliyosagwa, dagaa wa kusagwa, maharage yaliyopondwa yenye limau. Ale mara 4 au 5 kwa siku. Maziwa ya mbuzi yana upungufu wa foleti, hivyo mboga za majani ziongezwe. Na chai, hata ya rangi, ikae mbali naye, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Desturi ya kumchovyea mtoto mkate kwenye chai ina gharama ambayo haionekani hadi apimwe damu.

Juu ya mwaka mmoja hakuna mjadala. Kuna biashara. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipopitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Mbadala wa Maziwa ya Mama, Mei 1981, kwa kura 118 dhidi ya moja ya Marekani, ulikuwa unajibu kelele za miaka mingi: hotuba kali ya Cicely Williams yuleyule huko Singapore mwaka 1939, kijitabu cha shirika la War on Want cha 1974, na mgomo dhidi ya kampuni ya Nestlé ulioanza Marekani 1977. Kanuni ilibana matangazo ya maziwa ya watoto wachanga. Viwanda vikatanua maziwa ya "hatua" zinazofuata, namba mbili na namba tatu, kwenye makopo yanayofanana na namba moja kama pacha, hivyo kutangaza moja ni kutangaza yote. Mwaka 1986 mkutano huohuo ulisema maziwa ya kufuatilizia hayana ulazima. Mwaka 2016 uliweka wazi kwamba Kanuni inagusa maziwa yanayouzwa kwa watoto wa hadi miezi 36. Na Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na mtandao wa IBFAN walionesha kwamba baadhi ya maziwa ya Nestlé ya watoto wa mwaka mmoja na kuendelea, pamoja na nafaka zake za watoto, zilizouzwa Afrika, Asia na Amerika Kusini, zilikuwa na sukari ya kuongezwa, ilhali bidhaa za aina hiyo Uswisi hazikuwa nayo.

Tanzania ilikuwa na kanuni zake tangu 1994, na Kenya ilitunga sheria kamili mwaka 2012. Karatasi zipo. Sioni haja ya sheria nyingine. Ninaona haja ya mkaguzi anayeingia dukani na kwenye kurasa za mitandao ambako mama maarufu hupiga picha na kopo mkononi na kusema ni siri ya mashavu ya mwanawe. Wizara zianze na hao, na waajiri waongeze chumba kimoja chenye mlango unaofungwa na jokofu dogo.

Aliyeacha kunyonyesha wiki mbili zilizopita na sasa anajuta aende kliniki na mtoto wake kabla hajanunua kopo la pili. Titi lililonyamaza linaweza kurudishwa kwa kunyonywa mara kwa mara na kukamua, na ushauri huo hutolewa bure. Mwenye mtoto aliyekwisha kutimiza mwaka na anayekula chakula cha nyumbani, fedha ya kopo la namba tatu ainunulie maziwa ya pakiti au ya mfugaji anayemwamini, ayachemshe, ampe vikombe viwili vidogo kwa siku vyenye nusu lita kwa jumla, na chenji inunue mayai na dagaa. Kopo la namba tatu halina kitu ambacho mtoto huyo atakikosa.